Mgonjwa Asiyeandikwa: Safari ya Dawa hadi Dirisha la Zahanati

(Mazungumzo ya Afisa Habari wa Halmashauri katika mkutano wa kata uliowakutanisha wajumbe wa Kamati za Usimamizi za zahanati, wenyeviti wa vijiji na wananchi. Yamechapishwa kwa ombi la wajumbe waliohudhuria.)

 Mengi nitakayoyasema nimefundishwa na Mfamasia wa Wilaya, aliyekubali kuja nami.

Naanza kwa kulipa deni. Mwaka jana niliandika katika jarida hili habari iliyosema kwamba zahanati zote za tarafa hii zimepokea dawa. Habari ile ilikuwa ya kweli. Nilizisoma hati za mapokezi kwa macho yangu, nikapiga picha maboksi yakishushwa, nikaandika. Wiki mbili baadaye, katika mkutano wa hadhara wa kijiji ambacho sitakitaja, mama mmoja alisimama na jarida lile mkononi, limekunjwa mara nne. Alikuwa amempeleka mwanawe zahanati akiwa na homa kali. Dawa mseto ya malaria ilikuwapo kabatini, tena nyingi, lakini vipimo vya haraka vya malaria vilikuwa vimekwisha. Mwongozo wa tiba unataka homa ipimwe kwanza ndipo dawa mseto itolewe. Mhudumu akampa mtoto dawa ya kushusha homa na kumwelekeza mama kwenye kituo cha afya, naye akakopa nauli ya bodaboda ya kwenda na kurudi. Mtoto alipona, tunamshukuru Mungu. Lakini mama yule aliniuliza mbele ya watu: "Afisa, hizi dawa ulizoandika zimemfikia nani?"

Sikuwa na jibu. Nilisema maneno mengi, kama tulivyo hodari wa kusema sisi wa taaluma ya habari pale jibu linapokosekana. Baada ya hapo nilimwomba Mfamasia wa Wilaya anipeleke stoo, kisha zahanati, kisha anirudishe stoo, mpaka nielewe. Leo nakuja kuwaeleza nilichokiona, kwa sababu nimegundua kwamba sehemu moja ya mnyororo huu wa ugavi imo mikononi mwetu sisi wananchi, nasi hatukuwahi kuambiwa.

Njia yenyewe nitaieleza kwa ufupi. Bohari ya Dawa, ambayo wengi tunaiita MSD, ilianzishwa kwa sheria ya Bunge mwaka 1993. Makao yake makuu yako Keko, Dar es Salaam, na ina maghala katika kanda mbalimbali za nchi. Kila baada ya miezi miwili zahanati huhesabu kilichomo stooni, huandika kilichotumika, hukokotoa kinachohitajika, kisha hujaza fomu ya taarifa na maombi. Fomu hiyo hupitiwa ngazi ya Halmashauri na kuingizwa katika mfumo wa kielektroniki, Bohari ikaandaa mzigo kulingana na bidhaa ilizonazo na fedha zilizopo, na gari likauleta hadi mlangoni pa zahanati. Ndiyo njia nzima. Mtu akiiangalia kwenye mchoro ukutani, anadhani haiwezi kukosea.

Sasa nawaomba mnivumilie, kwa kuwa nitafanya hesabu, na hesabu hii ndiyo kiini cha kunileta hapa.

Tuchukue mfano wa zahanati moja ambayo katika siku 60 imetumia vipimo 120 vya malaria. Mtu wa haraka atasema mahitaji yake ni 120, basi aletewe 120. Lakini tukifungua kadi ya stoo tunaona kwamba vipimo vile viliisha siku ya 40. Siku 20 zilizobaki hapakuwa na kipimo hata kimoja. Kwa hiyo zahanati ile ilikuwa ikitumia vipimo vitatu kwa siku, na mahitaji yake ya kweli kwa siku 60 ni 180. Mhudumu akiomba 120, ataletewa 120, navyo vitaisha tena siku ya 40. Miezi miwili ijayo ataandika tena kwamba ametumia 120. Fomu itakuwa safi, mfumo utaipokea bila kulalamika, na kila baada ya miezi miwili kutakuwa na siku 20 za wananchi kurudishwa nyumbani. Hakuna aliyeiba, wala hakuna aliyelala kazini. Upungufu umejizaa wenyewe. (Hesabu halisi ina vipengele zaidi, ikiwamo akiba ya tahadhari inayowekwa ili mzigo ukichelewa zahanati isikauke. Nimeirahisisha, ila kasoro yenyewe ni hiyo hiyo.)

Kinachoweza kuuvunja mduara huu ni vitu viwili vidogo sana. Cha kwanza ni tarehe. Siku bidhaa inapokwisha, mhudumu aandike siku hiyo hiyo kwenye kadi ya stoo kwamba salio ni sifuri. Tarehe hiyo isipoandikwa, hakuna mfamasia wala kompyuta itakayojua kwamba siku 20 zilipotea. Nimewasikia watu wakisema kwamba kwa kuwa sasa tuna mifumo ya kielektroniki, matatizo haya yamekwisha. Mimi naipenda mifumo hiyo, lakini kompyuta iliyoko makao makuu ya Halmashauri haijui kilichotokea zahanati Jumanne iliyopita isipokuwa mtu aliyekuwapo ameandika. Na tuseme ukweli: katika zahanati nyingi anayetakiwa kuandika ndiye huyo huyo anayepima homa, anayezalisha, anayechanja na anayejibu simu ya wilayani. Si haki kumlaumu kwa kadi iliyochelewa bila kumtazama pia mama aliyekuwa kwenye kitanda cha kujifungulia saa hiyo.

Cha pili ni jina lako, ndugu mwananchi. Unapofika zahanati na kuambiwa getini, au na jirani uliyekutana naye njiani, kwamba vipimo hakuna, unafanya nini? Unageuza. Mimi pia ningegeuza. Lakini ukigeuza, hukuandikwa katika rejesta ya wagonjwa wa nje. Kwa mujibu wa vitabu hukuugua. Na mwisho wa mwezi, mhudumu anapotaka kuthibitisha kwamba mahitaji ni makubwa kuliko matumizi, anafungua rejesta akakuta wagonjwa wa homa wamepungua katika siku zile zile ambazo vipimo havikuwapo. Ushahidi wa shida umeondoka na wenye shida. Ndiyo maana nasema mgonjwa asiyeandikwa hupunguza mzigo wa dawa utakaoletwa miezi miwili ijayo, si wake tu bali wa kijiji kizima. Nawaomba sana: hata kama umeambiwa hakuna, ingia, onana na mhudumu, jina liandikwe na homa yako iandikwe. Utapata ushauri au rufaa, na zahanati itakuwa na idadi ya kweli. Nawaomba na wahudumu wasimwambie mtu "hakuna" kabla hawajafungua rejesta.

Nakuja kwenye mvua. Hapa kwetu masika huanza Machi hadi Mei, na mnajua kinachofuata: madimbwi, mbu, homa. Sasa oneni jinsi kalenda inavyoweza kutudanganya. Maombi yanayopaswa kutufikisha katikati ya masika huandaliwa kwa kutazama matumizi ya miezi iliyopita, na miezi hiyo ilikuwa ya kiangazi. Mhudumu anayefuata fomu kwa uaminifu ataomba dawa za kiangazi kwa ajili ya masika. Katika lugha ya wataalamu wa ugavi, kazi ya kukisia mahitaji yajayo huitwa maoteo, na maoteo mazuri hayatazami mwezi uliopita peke yake; hutazama pia miezi hiyo hiyo ya mwaka uliopita. Mfamasia wetu ameanza kuwataka waganga wafawidhi walete kadi za mwaka mzima wanapoandaa maombi ya kabla ya masika. Kadi za mwaka mzima, ndugu zangu, maana yake ni kwamba hazikutumika kufungia sabuni wala hazikuliwa na mchwa. Kamati za zahanati, hilo la mchwa nawaachia ninyi.

Na mvua ina jambo la pili. Zipo zahanati mbili katika kata hii ambazo korongo likijaa gari halipiti. Kwa hizo, hakuna ujanja isipokuwa mzigo wa kabla ya mvua uwe mkubwa kuliko wa kawaida na ufike mapema. Wenyeviti wa vijiji ndio wanaojua korongo hujaa lini. Bohari iliyoko mbali haiwezi kujua. Taarifa hiyo iandikwe kwa barua kwa Mganga Mkuu wa Wilaya, isibaki kuwa mazungumzo ya kijiweni.

Labda kuna mtu anajiuliza: kwa nini basi kila zahanati isiombe mara mbili ya mahitaji yake, ili ikipunguziwa ibaki salama? Swali hili niliulizwa na mjumbe mmoja, na nakiri kwamba hata mimi niliona ni akili. Tulihesabu pamoja. Chukueni zahanati kumi, kila moja ikihitaji boksi 100, na ghala lina boksi 800. Zote zikisema kweli, na ghala likagawa kwa uwiano, kila moja itapata 80. Haitoshi, lakini ni haki. Sasa tano ziandike 200 badala ya 100. Maombi yanakuwa 1,500. Ghala likigawa kwa uwiano ule ule, zahanati zilizosema kweli zitapata kama boksi 53 kila moja, na zilizoongeza zitapata kama 107, zaidi ya mahitaji yao. Mwenye ukweli ameadhibiwa. Safari inayofuata zote kumi zitaandika 200, kila moja itapata 80 kama mwanzo, hakuna aliyefaidika, ila sasa ghala linaamini kwamba wilaya inahitaji boksi 2,000. Dawa nyingi tunazotumia nchini huagizwa kutoka nje na huchukua miezi kufika. Zitakapofika kwa idadi hiyo ya uongo, zitakaa rafuni hadi muda wake wa matumizi uishe, na fedha iliyozinunua itakuwa imekosekana kununulia kitu kingine.

Hili si jipya. Mwaka 1961 Mmarekani Jay Forrester, aliyekuwa akifundisha MIT, alionyesha katika kitabu chake jinsi badiliko dogo dukani linavyokuwa badiliko kubwa zaidi kwa msambazaji, na kubwa kupita kiasi kiwandani, kwa sababu kila mmoja njiani anaongeza chake kwa hofu. Yeye alizungumzia viwanda. Sisi tunayaona kwenye dawa mseto na glovu.

Njia tunayoifuata badala yake ni zahanati kuhamishiana bidhaa. Zahanati moja ikiwa na dawa zitakazokwisha muda kabla hazijatumika, na jirani yake hana, Mfamasia wa Wilaya huidhinisha zihamishwe, zikaandikwa kutoka huku na kuandikwa kuingia kule. Hilo linahitaji uaminifu wa hesabu tena. Hakuna awezaye kuhamisha kitu ambacho hakikuandikwa kwamba kipo.

Narudi kwa mama yangu mwenye jarida, kwa sababu shida yake haikuwa dawa. Dawa ilikuwapo. Huduma ndiyo haikuwapo. Nilikuwa nimehesabu maboksi, nikadhani nimehesabu huduma. Kipimo bila dawa ni nusu ya huduma, na dawa bila kipimo ni nusu vilevile. Chanjo huenda na bomba la sindano na boksi la kutupia sindano. Tangu siku ile tunazitazama bidhaa kwa jozi. Mfamasia ametengeneza jedwali la bidhaa zinazotegemeana, na zahanati ikiomba moja bila mwenzake inapigiwa simu kabla fomu haijaondoka wilayani. Ni jambo dogo, na kwa maoni yangu ndilo lililosaidia kuliko semina zote nilizowahi kuziandikia habari.

Mfano ulionishtua zaidi ni wa oksitosini, dawa anayochomwa mama mara tu baada ya kujifungua ili asivuje damu nyingi. Dawa hii hutakiwa kukaa kwenye ubaridi wa nyuzi 2 hadi 8. Ikipata joto kwa muda mrefu hupungua nguvu, na kwa macho huwezi kuitambua; kichupa ni kile kile, maji ni yale yale. Kwa hiyo mnyororo wa dawa hii haukuishia stooni. Umepita kwenye friji, na friji imepita kwenye mita ya umeme. Zahanati ambayo uniti za LUKU zimekwisha Ijumaa jioni na mwenye simu ya kununulia yuko safarini inaweza kufika Jumatatu ikiwa na oksitosini kwenye vitabu na isiwe na dawa ya kumwokoa mama. Kamati za zahanati ndizo zinazoidhinisha matumizi ya fedha za kituo. Nawasihi umeme wa friji ya dawa uwe mstari wa kwanza wa bajeti, na watu wawili, si mmoja, wawe na uwezo wa kuununua. Na karatasi ya joto iliyobandikwa kwenye mlango wa friji, ile inayojazwa asubuhi na jioni, mjumbe wa kamati ana haki ya kuisoma kila anapotembelea. Ikiwa imejazwa wino mmoja na mwandiko mmoja kwa wiki nzima kana kwamba imeandikwa siku moja, aulize.

Kuhusu fedha nitapita haraka, kwa sababu Mweka Hazina atakuwa na siku yake. Tangu mwaka wa fedha 2017/18 fedha za Mfuko wa Pamoja wa Afya huingia moja kwa moja kwenye akaunti ya kituo. Huko huko huingia malipo ya papo kwa papo. Uamuzi upo karibu na ninyi kuliko ulivyokuwa zamani. Fedha haitoshi kila kitu, hivyo kamati inapokaa na Mganga Mfawidhi iamue kwanza zipi ni dawa zisizoruhusiwa kukosekana hata siku moja, zikiwamo dawa mseto, oksitosini, chumvichumvi ya ORS pamoja na zinki kwa watoto wanaoharisha, ndipo ishuke kwenye nyingine. Nimeona orodha ya maombi ambayo dawa ya maumivu ilichukua fedha nyingi kuliko zote hizo. Maumivu ni kweli yanauma, lakini kuna mpangilio.

Bohari isipokuwa na bidhaa, hutoa taarifa ya kukosekana kwake, na hapo zahanati haitakiwi kukaa kusubiri. Upo utaratibu wa mshitiri, unaojulikana kama Jazia. Ulianzia mkoa wa Dodoma mwaka 2014 na kufika nchi nzima mwaka 2018. Mshitiri ni muuzaji binafsi aliyepatikana kwa ushindani ngazi ya mkoa, mwenye mkataba na bei zilizokubaliwa, ambaye vituo vya umma hununua kwake kile kilichokosekana Bohari. Faida yake kubwa ni kuzuia ule ununuzi wa kukimbia dukani na risiti ya mkono. Kasoro niliyoiona ni kwamba baadhi ya vituo hukaa na taarifa ya kukosekana kwa wiki kadhaa kabla ya kumwendea mshitiri. Wiki hizo ni siku za watu kurudishwa, na hazina sababu.

Mzigo unapofika, kamati ya mapokezi iwepo. Si kwa kumshuku dereva wala mganga. Fungueni maboksi, hesabuni, linganisheni na hati, tazameni tarehe za mwisho wa matumizi, kisha ndipo mtie saini. Dawa nyingi za Bohari huwa na alama ya herufi GOT, maana yake ni mali ya Serikali ya Tanzania. Mkiiona alama hiyo dukani mtaani, mnajua pa kupeleka taarifa. Na mzigo ukiwa pungufu kuliko hati, upungufu uandikwe kwenye hati hiyo hiyo kabla gari halijaondoka. Saini iliyotiwa juu ya boksi lisilofunguliwa ni ngumu sana kuirudisha.

Mwisho ni upande wangu. Nimemwomba Mkurugenzi Mtendaji, naye ameridhia, kwamba jarida hili lisiandike tena "dawa zimepokelewa" na kuishia hapo. Kuanzia toleo lijalo kutakuwa na jedwali litakaloonyesha, kwa kila zahanati, ni siku ngapi katika miezi miwili bidhaa za kipaumbele zilikosekana. Wapo wenzangu walioona kwamba huku ni kujianika, na kwamba jarida la Halmashauri si mahali pake. Nimewasikia, na hofu yao naielewa, kwa sababu jedwali la kwanza halitakuwa zuri. Huenda hata likatisha, kwani vituo vinavyoandika tarehe zake kwa ukweli vitaonekana vibaya kuliko visivyoandika. Nawaomba mlisome mkijua hivyo, na msimshambulie mganga ambaye kosa lake ni kuandika sifuri siku iliyokuwa sifuri.

Waganga wafawidhi wameleta kadi za stoo za miezi sita iliyopita. Ziko pale mezani, karibu na mlango, na Mfamasia wa Wilaya amekaa nazo. Mnakaribishwa kuzitazama, mmoja mmoja au kwa kijiji, na maswali yote yaelekezwe kwake na kwangu.